Bulabo ya Bujora: jinsi ya kujua tarehe, kufika Kisesa na kuona ngoma

Kila mwaka Pasaka ikishapita maswali kuhusu Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, huanza, na ni yaleyale. Bulabo ni lini mwaka huu? Ngoma zinachezwa ndani ya makumbusho au uwanjani? Mtoto wa miaka minne anaruhusiwa? Wale wenye chatu wanatoka saa ngapi? Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeyaweka majibu yote hapa kwa mpangilio. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kufika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, au alifika siku ya kawaida, akaona majengo kimya, akaondoka akijiuliza watu wanasifia nini.

Bujora iko Kisesa, wilaya ya Magu, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Pale pana kanisa, makumbusho na kituo cha utamaduni, vyote kwenye eneo moja lenye mawe makubwa kama ilivyo kawaida ya huku kwetu. Mwanzilishi ni Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Ndiye aliyeunganisha sikukuu ya Ekaristi na mashindano ya ngoma za Wasukuma, na muungano huo ndio Bulabo. Usipolielewa hilo utashangaa kwa nini tarehe inahama kila mwaka na kwa nini asubuhi watu wako kanisani na mchana wako kwenye vumbi wanashangilia majembe yanayorushwa juu.

Kabla hujaanza, hakikisha una:

- Kalenda yenye tarehe ya Pasaka ya mwaka husika.
- Namba ya simu ya makumbusho au ya ofisi ya parokia, uliyoipata kwa mtu anayeijua. Namba iliyobandikwa kwenye picha inayozunguka mitandaoni usiitegemee.
- Kitambulisho. Makumbusho mengi Tanzania hutoza raia na mgeni wa nje bei tofauti, na ni vizuri uweze kuonyesha wewe ni nani bila mabishano.
- Fedha taslimu za noti ndogo. Pesa za kwenye simu zinafaa, lakini mama anayeuza maji katikati ya umati hana muda wa kungoja mtandao urudi.
- Kofia au kanga ya kujitandia, viatu vya kufunga, maji, na kitambaa cha kuziba pua. Juni huku ni kiangazi na viwanja havina nyasi.
- Sweta, kama utabaki mpaka jioni.
- Betri ya akiba ya simu.

Twende hatua kwa hatua.

1. Hesabu tarehe mwenyewe

Usingoje tangazo. Bulabo huenda pamoja na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ndiyo ile ya Ekaristi, na tarehe ya sikukuu hiyo hutegemea Pasaka. Chukua Jumapili ya Pasaka, hesabu wiki tisa kamili. Jumapili utakayoangukia ndiyo siku kuu.

Kwa mfano, Pasaka ya 2026 ni tarehe 5 Aprili, kwa hiyo Jumapili ya Bulabo inaangukia 7 Juni. Mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi, basi hesabu inakupeleka 30 Mei. Mwaka 2028 Pasaka ni 16 Aprili, nawe unapata 18 Juni. Umeona jinsi inavyopanda na kushuka? Ndiyo maana anayekwambia "Bulabo huwa katikati ya Juni" anaweza kukupoteza kwa wiki mbili nzima.

Ukiona kalenda yako imeiandika sikukuu hiyo siku ya Alhamisi, usibabaike. Alhamisi ndiyo siku yake ya asili, lakini kwa Tanzania huadhimishwa Jumapili inayofuata.

Tahadhari: hesabu hii inakupa siku kuu tu, haikupi ratiba. Ngoma zinaweza kuanza kabla ya Jumapili na mashindano yakaendelea siku kadhaa baadaye, na mpangilio hubadilika mwaka hadi mwaka. Tumia hesabu kuomba likizo na kuandaa nauli, halafu nenda hatua ya pili kabla ya kulipia chochote.

Na kwa kuwa wengine huniuliza habari za makumbusho mengine: kila mahali pana kalenda yake. Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, kilele ni 27 Februari kila mwaka, siku ambayo Wajerumani waliwanyonga mashujaa mwaka 1906, na tarehe hiyo haihami. Anayekwenda Lamu kwa Maulidi anahesabu kwa mwezi mwandamo, Mfungo Sita. Siku ya Kimataifa ya Makumbusho ni 18 Mei, na makumbusho mengi hupanga jambo siku hiyo au karibu yake. Jua kwanza tukio lako linafuata kalenda ipi, na nusu ya maswali yatakuwa yamejijibu.

2. Thibitisha, na uulize maswali yanayojibika

Wiki tatu au nne kabla, piga simu au tuma ujumbe. Kosa la wengi ni kuuliza "Bulabo ipo?" Utajibiwa "ipo," mtashukuriana, na hutakuwa umejua kitu. Uliza hivi:

"Shikamoo. Naitwa fulani, natokea Shinyanga, tuko watu wanne na mtoto mmoja. Naomba kujua kuhusu Bulabo ya mwaka huu: Misa inaanza saa ngapi, ngoma zitachezwa uwanja gani na kwa siku zipi, makumbusho yenyewe yatakuwa wazi siku hizo, na kiingilio ni kiasi gani kwa mkubwa na mtoto? Asante, wabeja sana."

Swali la "uwanja gani" usiliache. Mashindano hayafanyiki lazima ndani ya uzio wa makumbusho. Umati ukiwa mkubwa huenda yakawa kwenye uwanja mwingine hapo Kisesa. Wapo wanaopanda mpaka Bujora, wanakuta geti limetulia, huku ngoma zikisikika kwa mbali.

Kama simu haipokelewi, kuna njia tatu zinazofanya kazi. Ya kwanza ni matangazo ya Jumapili kanisani. Ukiwa na jamaa anayesali parokia yoyote ya Mwanza, mwombe asikilize. Ya pili ni redio za Mwanza, hasa wiki mbili za mwisho. Ya tatu, na ndiyo naiamini kuliko zote, ni kumpata mtu wa kikundi cha ngoma. Vikundi hujiandaa kwa muda mrefu, na mcheza ngoma anajua siku yake ya kupanda uwanjani kuliko hata anayeandika mabango.

Tahadhari kuhusu mabango: picha za Bulabo za miaka iliyopita hurudi kila msimu, na nyingi hazina mwaka. Kuna kipimo rahisi. Angalia kama siku na tarehe vinalingana. Bango likisema "Jumapili tarehe 22 Juni" nawe uko mwaka 2026, fungua kalenda: 22 Juni 2026 ni Jumatatu. Hilo ni bango la 2025, achana nalo.

Pia usichanganye Bulabo na matamasha mengine ya Kisesa. Lile la Septemba 2021, ambapo Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa na machifu na kupewa jina la Chifu Hangaya, lilikuwa tamasha jingine. Video zake bado zinasambaa zikiwa na maneno "Bulabo" juu yake, na watu wanapanga safari ya Septemba kwa sababu hiyo.

3. Tenga siku mbili

Ukiwa na siku moja tu, utachagua kati ya makumbusho na ngoma, na ngoma zitashinda. Siku ya Jumapili vyumba vya makumbusho hujaa, mwongozaji anazungumza kwa haraka, nawe unasukumwa mgongoni na wanafunzi. Kwa hiyo nashauri hivi: makumbusho Ijumaa au Jumamosi asubuhi, Misa na ngoma Jumapili. Anayetoka mbali na anaweza kubaki, Jumatatu nayo ni nzuri kama mashindano yanaendelea, maana viongozi na misafara wameshaondoka na wanaobaki uwanjani ni watu wanaojua ngoma.

Kulala, wengi hulala Mwanza mjini. Kisesa nako pana nyumba za wageni, ndogo na za kawaida, na faida yake ni kwamba usiku huhangaiki na usafiri. Weka nafasi mapema.

4. Fika Kisesa

Kutoka Mwanza mjini panda daladala iliyoandikwa Kisesa. Inafuata barabara ya Musoma, inapita Igoma, na Kisesa unashuka stendi. Kutoka hapo mpaka Bujora si mbali. Bodaboda atakufikisha kwa dakika chache, na mwenye miguu mizuri anatembea tu akiuliza njia. Patana bei na bodaboda kabla hujapanda. Siku ya Bulabo bei hupanda na ni haki yao, lakini isipande ukiwa umeshakaa juu ya pikipiki.

Ukitoka Musoma, Bunda au Magu, usifike Mwanza ndipo urudi. Basi lako linapita Kisesa barabarani. Mwambie kondakta mapema akushushe hapo.

Ukitoka Dar es Salaam, Dodoma au Shinyanga kwa basi, mara nyingi utashukia stendi ya Nyegezi, ambayo iko upande mwingine kabisa wa jiji. Hesabu muda wa kuvuka mji. Kwa wa Geita na Sengerema mambo yamerahisika: Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 2025, kwa hiyo ile habari ya kungoja kivuko imekwisha.

Wenye gari binafsi, fikeni kabla ya saa tatu asubuhi. Njia ya kuingia Bujora ni nyembamba, na akija kiongozi mkubwa barabara hufungwa bila kukuuliza.

5. Ndani ya makumbusho

Lipa, chukua risiti, omba mwongozaji. Usiingie peke yako ukidhani utasoma maandishi ukutani. Vitu vya pale vinahitaji mtu wa kuvisemea, na waongozaji wengi ni wenyeji wanaojua habari za ukoo kwa ukoo.

Anza na jengo la watemi, yaani watawala wa jadi wa Wasukuma. Lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, jambo ambalo hutaliona ukiwa karibu. Rudi nyuma kidogo, usimame mbali, ndipo utaona miguu ya kiti. Ndani mna ngoma za kitemi, viti, na mavazi ya utawala kutoka tawala mbalimbali za Usukuma. Hizo ngoma usiziguse hata ukiziona ziko wazi mbele yako. Si kwamba zitavunjika. Ngoma ya mtemi haikupigwa na kila mtu wala kila siku, na bado wapo wazee wanaoitazama kwa heshima ileile ya zamani.

Kisha nenda kwenye nyumba za kienyeji: mji wa Msukuma wa zamani, kazi ya mhunzi, na nyumba ya mganga. Kwa mhunzi kaa. Watu hupita haraka wakikimbilia kwa mganga kupiga picha, lakini pale kwa mhunzi ndipo jembe linapoanzia, na jembe utakutana nalo tena kesho uwanjani mikononi mwa wachezaji. Muulize mwongozaji akuonyeshe jinsi mivukuto ilivyofanya kazi.

Malizia kwenye jengo la ngoma. Hapa ndipo upate maelezo ya Bagika na Bagalu, kwa sababu bila hayo Jumapili utaona watu wanaruka tu. Kwa kifupi: katikati ya karne ya 19 kulikuwa na waganga wawili wa ngoma waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha. Kila mmoja alidai dawa yake ina nguvu zaidi ya kuvuta watu. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, wa Gumha ndio Bagalu, na mpaka leo kila kikundi cha ngoma kinajitambulisha kwa upande mmojawapo. Mengine atakwambia mwongozaji, na kama ana asili ya upande mmoja utamjua tu kwa jinsi anavyousifia.

6. Misa na maandamano

Kama wewe si Mkatoliki au si Mkristo, unakaribishwa, na hakuna atakayekuuliza. Lakini asubuhi ile ni ibada. Vaa nguo za heshima, zima mlio wa simu, na maandamano ya Ekaristi yakipita usisimame mbele ya padre kutafuta picha nzuri. Kaa pembeni. Watu wanaopiga magoti kando ya njia hawapigi magoti kwa ajili ya kamera yako.

Kanisa lenyewe litazame vizuri. Limejengwa kwa kufuata nyumba ya Kisukuma, na vitu vya utawala wa kitemi vimeingizwa kwenye mapambo yake. Nyimbo nazo zina ngoma. Ukisikia Kisukuma kinaimbwa na kanisa zima huku ngoma zikiitikia, utaelewa haraka kuliko kwa maelezo yangu Padre Clement alikuwa anatafuta nini.

Ukiweza, jifunze salamu mbili. Asubuhi sema "mwangaluka", mchana "mwadila". Kwa wazee anza na hiyo, na shikamoo ifuate ukipenda. Utapewa nafasi ya kukaa ambayo wengine hawapewi.

7. Uwanjani

Hii ndiyo hatua wanayokosea wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na kipimo cha kale cha ushindi ni umati. Watu wakihamia kwako, umeshinda. Kwa hiyo mtazamaji si mtazamaji tu, miguu yake ndiyo kura. Usikae sehemu moja tangu saa saba mpaka jioni kama uko kwenye mpira. Anza katikati, sikiliza, kisha sogea panapokuvuta. Manju, yaani kiongozi wa nyimbo, wa upande huu akirusha neno la kumkejeli mwenzake, utaona watu mia wanageuka kwa pamoja. Nusu saa baadaye upande wa pili unatoa jambo jipya na wimbi linarudi.

Ukiwa mgeni, utayaona zaidi haya:

Bugobogobo ni ngoma ya wakulima. Wachezaji hujipanga mstari na majembe, ngoma kubwa zinapigwa kwa fimbo, na mwili mzima unalima hewa. Tazama mikono. Jembe linarushwa, linazunguka juu, jua linapiga kwenye bapa lake, linadakwa kwenye mpini bila mchezaji kulitazama, na mguu haujapoteza mdundo hata kidogo. Vumbi linapanda mpaka kiunoni. Njuga za miguuni ndizo zinazokwambia kama mstari uko pamoja. Ukisikia zinatawanyika, kikundi kimechoka.

Bayeye ni watu wa nyoka, na hao ndio kila mtu anawangoja. Chatu hutolewa kwenye sanduku au kapu na mchezaji anacheza naye shingoni. Hawana saa maalumu. Anayekwambia "saa tisa kamili" anabahatisha. Dalili ni moja: ukiona watoto wanakimbia kwa pamoja kuelekea upande mmoja, wafuate, lakini kwa mwendo wa mtu mzima.

Bununguli ni ngoma ya wawindaji wa nungunungu, nayo ina mchezo mwingi wa kuigiza. Wigashe huimbwa watu wakiwa wamekaa. Wageni huiruka kwa kuona haina fujo. Mimi naona huo ni upungufu. Kama unaelewa Kisukuma, au una mtu wa kukutafsiria, kaa hapo, maana utani na maneno makali ya mwaka mzima yako kwenye wigashe.

Sasa usimame wapi? Usikae mbele kabisa ya ngoma kubwa, hutasikia kitu kingine na kesho yake masikio yatalia. Usikae katikati ya njia kati ya pande mbili ukiwa na mtoto, maana umati ukihama unahama na kila kilichomo. Nafasi nzuri ni pembeni, hatua chache nyuma ya wazee waliokaa. Wazee huchagua mahali penye kivuli na penye kuonekana vizuri, na umati unawakwepa.

Chakula hakina shida. Wauzaji huja na mihogo, nyama choma, samaki, soda. Tafuta matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa. Vinashibisha, haviharibiki mfukoni, na ukivitafuna na karanga unaweza kusimama mpaka magharibi.

8. Picha na video

Omba ruhusa mara mbili: makumbusho kwa vitu vyao, na kikundi kwa wachezaji wao. Ndani ya makumbusho uliza kama kuna malipo ya kamera kabla hujaitoa. Uwanjani, kwa simu ya kawaida, hakuna atakayekusumbua ukiwa mbali. Ukitaka kusogea karibu au kurekodi wimbo mzima, tafuta kiongozi wa kikundi wakati wa mapumziko, jitambulishe, na ukiwa na kitu cha kumtunza mchezaji, mtunze. Kutunza ni sehemu ya ngoma zetu, wala si rushwa.

Usiwashe mwanga wa kamera karibu na nyoka. Na usimpe mtu simu yako akupigie ukiwa umemshika chatu kabla hujamuuliza mwenye nyoka. Yeye anamjua, wewe humjui.

9. Kurudi

Amua saa ya kuondoka kabla hujafika. Ngoma zikinoga jioni, kila mtu atataka "dakika tano tu", na wote mtakutana stendi ya Kisesa gizani mkigombea daladala moja. Ondoka jua likiwa bado lipo, au kubali kulala Kisesa. Katikati ya hayo mawili kuna bodaboda wa usiku kwa barabara kuu yenye malori, na hilo silishauri kabisa.

Mambo yakienda mrama

Umefika na hakuna kitu. Angalia kwanza kama umefika sahihi kwa siku lakini si kwa uwanja. Waulize bodaboda wa stendi ya Kisesa; wamepeleka abiria huko tangu asubuhi. Kama kweli umekosea wiki, makumbusho bado yapo. Yatembelee kwa utulivu, na umuulize mwongozaji kama kuna kikundi kinachofanya mazoezi karibu. Msimu wa ngoma Usukumani unaanza baada ya mavuno na haukomi siku moja.

Mvua imenyesha. Hutokea zaidi Pasaka ikiwa mapema na sikukuu ikaangukia mwisho wa Mei. Ngoma husubiri, hazifutwi upesi. Jisitiri, kunywa chai, subiri udongo ukauke kidogo.

Umepotezana na mtoto. Usianze kuzunguka. Mmoja abaki pale mlipoachana, mwingine aende moja kwa moja kwa mwenye kipaza sauti. Kabla ya kuingia uwanjani, mwandikie mtoto namba yako ya simu mkononi kwa kalamu, na umwonyeshe kitu kikubwa kisichohama, kama mwamba au jengo, mtakapokutana.

Umeambiwa bei mbili tofauti za kiingilio. Omba risiti. Bei yenye risiti ndiyo bei. Mtu anayekusanya fedha njiani bila karatasi wala sare mpite kwa upole na uende getini.

Unaogopa nyoka. Simama upande ambao upepo wa umati hauvutwi, yaani kwa kikundi kinachoshindana na wenye nyoka. Watakufurahia sana, maana wakati huo wanahitaji kila mtu. Hapo utaiona bugobogobo kwa nafasi ambayo wengine wameiacha.

Huelewi Kisukuma hata neno. Keti karibu na bibi mwenye kanga na mjukuu anayesoma sekondari. Bibi atacheka, mjukuu atatafsiri.

Simu imezima na tiketi au namba za watu ziko humo. Andika namba mbili muhimu kwenye karatasi na uiweke pamoja na kitambulisho, kabla hujatoka nyumbani. Wachaji simu wa stendi wapo, ila siku hiyo foleni yao ni ndefu kuliko ya chakula.

Umeipenda na unataka kujua ya mwakani. Rudi hatua ya kwanza: tafuta Pasaka, hesabu wiki tisa. Kisha, kabla hujaondoka uwanjani, chukua namba ya mtu mmoja wa kikundi ulichokishangilia. Msalimie katikati ya mwaka, si Juni tu, naye ndiye atakayekupigia kukwambia wameshaanza mazoezi.